Skolashipu ya mtoto kutozwa kodi si hasara kila mara

Mzazi wa Marekani akisikia kwamba sehemu ya skolashipu ya mwanawe inaweza kuhesabiwa kuwa mapato, hutafuta kwanza namna ya kuliepuka jambo hilo. Ushauri anaopewa ni kuielekeza kila dola kwenye ada na vitabu, maana fedha zilizolipia ada, michango ya lazima na vitabu vinavyotakiwa hazitozwi kodi, ila zilizolipia chumba na chakula hutozwa. Kanuni hiyo ni sahihi. Ushauri wenyewe ndio unaozikosesha familia nyingi fedha.

Kinachosahaulika ni nafuu ya kodi ya American Opportunity, yaani kiasi kinachokatwa kwenye kodi yenyewe, anayoidai mzazi aliyemwandika mtoto kama mtegemezi. Inatoa asilimia 100 ya dola 2,000 za kwanza za gharama za masomo na asilimia 25 ya 2,000 zinazofuata, yaani hadi 2,500. Ada iliyokwisha kulipiwa na ufadhili usiotozwa kodi haihesabiwi humo.

Chukua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwaka 2025: ada 7,000, vitabu 600, ruzuku ya Pell (msaada wa serikali ya shirikisho kwa wanafunzi wenye uhitaji) 7,000, mshahara wa kibarua 5,000. Pell yote ikienda kwenye ada, mzazi anabaki na vitabu tu, na nafuu yake ni 600. Sasa mwanafunzi aamue kwamba 3,400 za Pell zililipia pango na chakula. Gharama za masomo zisizofunikwa zinakuwa 4,000, nafuu inapanda hadi 2,500. Naye mtoto? Mapato yake ni 8,400. Punguzo la kawaida la mtegemezi, yaani mapato yasiyotozwa kodi, ni mapato ya kazi kuongeza 450, mradi kwa mwaka huo wa 2025 lisivuke 15,750, na hapa ufadhili unaotozwa huhesabiwa pamoja na mapato ya kazi. Kodi yake ya shirikisho ni sifuri. Nyumba imepata 1,900 zaidi.

Wapo wanaodhani chuo kikishaingiza Pell kwenye akaunti ya ada, mlango umefungwa. Haujafungwa: mwongozo wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, unasema wazi kwamba hilo halimzuii mwanafunzi kuchagua. Masharti ni mawili: ufadhili uruhusu gharama za maisha, na gharama hizo ziwepo kweli. Skolashipu iliyofungwa kwa ada pekee haiguswi.

Wanaoogopa wana sababu zao. Mwaka 2018 na 2019 sheria iliutoza ufadhili huu kwa viwango vya kodi vya amana (mali inayosimamiwa kwa niaba ya mtu mwingine), vinavyopanda haraka mno, mpaka Bunge likaifuta Desemba 2019. Hata leo, kwa mwanafunzi wa muda wote aliye chini ya miaka 24 asiyejikimu kwa zaidi ya nusu kutokana na kazi yake, kiasi cha ufadhili huu kinachozidi 2,700 huweza kutozwa kwa kiwango cha mzazi. Ajabu ni kwamba katika hesabu hii ufadhili uleule hauhesabiwi mapato ya kazi. Kwa mwaka 2025, mwenye ufadhili wa 15,000 wa chumba na chakula na mshahara wa 6,000 anabaki, baada ya punguzo la 15,750, na 5,250 za kutozwa. Kwa mzazi anayetozwa asilimia 22 kodi hiyo ni 1,155, badala ya 525 kwa kiwango cha mtoto cha asilimia 10. Na hakuna mwajiri aliyeikata kodi hiyo mapema, kwa hiyo deni linakuja lote kwa pamoja Aprili.

Kwa hiyo hesabu ifanywe kwenye ritani (fomu za kodi za mwaka) zote mbili, ya mzazi na ya mtoto, pamoja na kodi ya jimbo. Mzazi asiyedaiwa kodi hupata taslimu asilimia 40 tu ya nafuu, yaani hadi 1,000. Anayefaili peke yake na kuzidi mapato ya 90,000, au wanandoa wanaofaili pamoja na kuzidi 180,000, hawapati kitu, na kwao ushauri wa zamani unafaa. Fomu 1098-T, ambayo chuo hutoa kuonyesha ada na ufadhili wa mwaka, nayo isiaminiwe kijuujuu: ada ya muhula wa Januari iliyolipwa Desemba inasomeka mwaka mmoja kwenye kisanduku cha 1, huku ufadhili wake ukitokea mwaka unaofuata kwenye kisanduku cha 5. Chapisha taarifa ya akaunti ya chuo, tenganisha kila malipo kwa tarehe, kisha ndipo uamue ni kiasi gani cha kukiandika mstari wa 8r wa Jedwali la 1 la ritani ya mtoto, unaoandikwa ufadhili unaotozwa.