Mizani ya ubunifu na kona ya Malevich

Mwaka 2018 Mitali Banerjee na Paul Ingram walichapisha utafiti kuhusu wasanii 90, waasisi wa sanaa dhahania, yaani isiyochora watu wala vitu vinavyotambulika, wa miaka ya 1910 hadi 1925. Upya wa michoro yao ulipimwa kwa kompyuta, na wajuzi wa sanaa wakaulizwa pia. Matokeo yaliwakera wengi: ubunifu haukueleza nani alipata umaarufu. Waliovuma zaidi ni wale waliokuwa na marafiki wa asili na nchi mbalimbali.

Mimi nilifurahi. Tumezoea kuamini kwamba jina kubwa ni ushahidi wa kipaji, na hapa angalau kuna mtu aliyetenganisha mambo hayo mawili akayatazama kila moja peke yake.

Ila kompyuta huona rangi na maumbo tu. Chukua Mraba Mweusi, mchoro wa Kazimir Malevich, mmoja wa waasisi hao. Kwa macho ni umbo jeusi juu ya weupe. Hata mtoto angelichora. Desemba 1915, kwenye maonyesho ya Petrograd, Urusi, Malevich aliutundika juu kabisa kwenye kona, mahali ambapo nyumba za Warusi huweka picha takatifu. Ujeuri wenyewe ulikuwa pale konani, na kona haimo ndani ya turubai.

Halafu kuna tarehe. Anayepima upya lazima ajue nani alitangulia, na wasanii hawa walishindania hilo waziwazi. Malevich aliirudisha nyuma tarehe ya mraba wake hadi 1913. Mwasisi mwingine, Wassily Kandinsky, ana mchoro wa rangi za maji ulioandikwa 1910, lakini wanahistoria wengi wanauweka 1913. Ukiiamini tarehe ya msanii, umeshampa alama kabla ya kupima.

Linalonisumbua zaidi ni orodha yenyewe ya wasanii hao 90. Chimbuko lake ni maonyesho ya jumba la makumbusho la MoMA, New York, yaliyofunguliwa 2012, yaani watu ambao tayari walikuwa wamekumbukwa. Mchoraji Hilma af Klint wa Sweden hakuwemo kwenye maonyesho hayo. Yeye alianza kuchora sanaa dhahania mwaka 1906, akamaliza michoro 193 kwa ajili ya hekalu alilolifikiria, kisha akaagiza kazi zake zisioneshwe mpaka miaka 20 ipite baada ya kifo chake. Alifariki 1944. Mwaka uleule utafiti ulipotoka, jumba la makumbusho la Guggenheim, katika jiji hilohilo la New York, lilimfungulia maonyesho yake mwenyewe.