Nimegombezwa kwa Ajili ya Udongo

Jumapili iliyopita, katika kijiji cha Fotheringhay, kaunti ya Northamptonshire, mzee mmoja mwenye mbwa alinisimamisha na kuniomba, kwa upole ule wa Kiingereza ambao ukiusikiliza vizuri ni karipio kamili, nimwambie mwanangu aache kuchimbua ardhi kwa kijiti. Mtoto hakuwa ameingia bustanini mwa mtu. Alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa kilima cha nyasi, kondoo wakila kando yake, akitafuta minyoo. Nilimwita, nikamwomba mzee radhi, kisha nikatembea hadi kwenye gari nikiwa nimefura: watu hawa wanalinda nini hapa?

Maana hakika hakuna kitu. Aliyezoea picha za majumba ya wafalme atafika pale na kudhani amepotea njia. Kuna kilima kilichoinuliwa kwa mikono karibu mwaka 1100, kazi ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ya Simon de Senlis, mmoja wa mabwana wa Kinormani. Kuna handaki lililokauka. Kuna uwanja mpana ulipokuwa ua wa ngome. Na chini kabisa, karibu na mto Nene, kuna pande moja la mawe lililozungushiwa uzio wa chuma kama kaburi. Katika ngome hiyo alizaliwa mfalme Richard wa Tatu tarehe 2 Oktoba 1452. Humo pia, katika ukumbi ambao leo ni majani matupu, Mary, malkia wa Waskoti, alikatwa kichwa tarehe 8 Februari 1587, na mnyongaji hakuweza kuimaliza kazi kwa pigo moja. Wenyeji husema mimea ya miiba inayoota pale kilimani ni machozi yake.

Kilichonishangaza baada ya hasira kupoa ni jinsi ulinzi wenyewe ulivyo rahisi. Eneo lile ni malisho ya watu binafsi. Hukatiwi tiketi, wala hakuna askari aliyejibanza kibandani na redio yake. Kuna lango unalolifunga mwenyewe ukishapita, kondoo wanaofupisha nyasi bila mshahara, na sheria ya mwaka 1979 inayofanya kuchimba mahali kama pale bila kibali, au hata kupitisha kifaa cha kutafutia vyuma, kuwa kosa la jinai. Orodha ya maeneo yanayolindwa hivyo hapa Uingereza inakaribia 20,000, na mengi ni matuta na mashimo tu. Zaidi ya hayo kuna yule mzee na mbwa wake, ambaye hakutumwa na mtu.

Mimi nimekulia Kalenga, karibu na mji wa Iringa, Tanzania. Wenzangu wa Iringa wameshajua ninakoelekea, na wengine wameanza kuguna. Nyuma ya nyumba yetu lilikuwepo tuta refu lililoota majani, ambalo babu alituambia ni mabaki ya ukuta wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ukuta uleule uliopigwa mizinga na Wajerumani mwezi Oktoba 1894. Tulichungia mbuzi juu yake. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na minne, mjomba alipotaka kuongeza chumba, udongo wa matofali ulitoka hapo kwenye tuta, kwa kuwa ulikuwa karibu na ulikuwa mzuri, na miguu iliyokanyaga tope lile ni hii yangu. Hakuna jirani aliyekuja na mbwa kutusimamisha. Jirani alikuja kuomba kama matofali yangebaki.

Sasa nawasikia mnavyosema: huyu amekaa ughaibuni miaka sita, keshakuwa Mzungu, anatuletea mahubiri. Subirini kwanza. Sijasema kwamba Waingereza wamezaliwa na adabu ya kutunza mambo ya kale. Unadhani mawe ya Fotheringhay yako wapi? Yamebebwa. Ngome ilipochakaa katika karne ya 17 watu walichukua mawe yake wakajengea, na katika mji wa jirani wa Oundle kuna hoteli ambayo inasemekana ngazi zake zilitoka humo. Wapo wanaosimulia kwamba mfalme James, mwana wa Mary, ndiye aliyeibomoa kwa hasira ya kuuawa kwa mama yake, lakini ukaguzi wa mwaka 1625, mwaka aliokufa James mwenyewe, ulikuta ngome bado imesimama. Walioimaliza ni majirani waliohitaji mawe, kama mjomba alivyohitaji tofali. Sheria yao ya kwanza ya kulinda mabaki ya kale ni ya mwaka 1882, ambapo Mkwawa alikuwa tayari anatawala Uhehe.

Mwingine atasema hatuna bajeti. Hoja hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu nimetoka kuona kilima kinacholindwa na kondoo. Mbuzi tunao. Mzee mwenye ulimi mkali hakosekani katika kijiji chochote cha Iringa, isipokuwa anautumia kumsema binti aliyechelewa kurudi kisimani.

Na yupo yule wa tatu, ambaye namheshimu zaidi, atakayeniuliza kwa nini nisifie kilima cha Waingereza wakati historia yetu waliivuruga wageni. Kaka, hicho kilima chenyewe ni cha wageni! Wanormani walivuka bahari mwaka 1066 wakainua vilima vya namna ile nchi nzima ili mkulima wa Kiingereza akiinua macho aone nani bwana wake. Leo wajukuu wa waliotishwa wanakilinda. Ukuta wa Kalenga ulijengwa na Wahehe wenyewe kumzuia mgeni, na fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, lilitajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, ingawa fuvu halikurudi hadi 1954. Fuvu tumelijengea makumbusho, na tumefanya vyema. Ukuta aliousimamia tumeukanyaga tukautia kwenye kalibu. Hata sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. La Mkwawa, lililojengwa baadaye, hulindwa pale waziri anapolitangaza, na mjomba hakuwa na habari za waziri.

Juzi mdogo wangu alinipigia simu. Anataka kuongeza vyumba viwili upande wa nyuma, na anaomba nimsaidie. Nilimuuliza udongo atatoa wapi. Akacheka, akaniambia si palepale, kaka, kwani umesahau? Nikamwambia hela nitatuma ikiwa udongo utatoka bondeni, karibu na Ruaha Mdogo, hata kama itabidi kukodi trekta. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza trekta italipwa na nani, mimi au Mkwawa. Hela bado sijaituma.