Feni Iliyonyamaza Mno

Muuza vifaa wa Kariakoo aliniapia kwamba feni ile ya kompyuta haina kelele hata chembe. "Bosi wangu, ukiiwasha hii utarudi hapa kunidai, utadhani nimekuuzia boksi tupu." Alianzia 45,000. Nikamwambia mimi sinunui kwa hela ya ofisi, nanunua kwa jasho langu, tukamalizana kwa 30,000 na akaniongezea skrubu za bure ambazo mpaka leo sijaona pa kuzifunga. Nikapanda daladala ya Sinza nimeipakata.

Feni ya zamani, ile inayokaa ubavuni mwa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta yangu ya gemu, kuipoza, ilikuwa imekauka mafuta. Binamu yangu, ambaye tunaishi naye chumba kimoja na ushauri wake haulipiwi kodi, akasema dawa ya kitu kilichokauka ni kukipaka mafuta. Ya cherehani hatukuwa nayo. Akatia ya nazi. Ikatulia kidogo, chumba kikanukia vizuri sana, kisha vumbi lote la Sinza likaja kuganda pale na feni ikaanza kuunguruma upya, safari hii kama mashine ya kusaga. Gemu yangu ya mpira nayo ikaharibika. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo mshambuliaji wangu anabaki yeye na kipa, anainua mguu, picha inaganda. Ikirudi, mpira uko kwetu na tumeshafungwa.

Jirani wa chumba cha pili, dereva wa daladala anayeamka saa tisa usiku kuwahi gari, alishaniuliza kwa heshima zote kama nimefungua mradi.

Basi tukafungua kasha. Kwenye fremu ya feni mpya kuna mishale miwili midogo: mmoja unaonyesha mapanga yanazungukia wapi, mwingine unaonyesha upepo unaelekea wapi. Binamu akashikilia wa kwanza, mimi wa pili, na kila mtu alikuwa na ushahidi wa kuchongwa kiwandani. Nikachomeka waya, nikawasha, nikaisogezea feni kipande cha tishu. Tishu ikapeperuka upande wenye stika na ile mikono ya plastiki inayoshikilia mota. Upepo unatokea huko. Binamu akasema ndicho alichokuwa anasema.

Kuibana sasa. Feni za namna hii hushikiliwa kwenye yale mapezi ya alumini yanayotoa joto la prosesa kwa vyuma viwili vyembamba vya kukunja, na vina ukaidi: ukikamata huku, kule kunachomoka. Binamu ameshika tochi ya simu, mimi nimekaza kidole gumba mpaka kimekuwa cheupe, chuma kikafyatuka, kikagonga dari, kikazama uvunguni mwa kitanda. Tulikikuta kimelala kando ya soksi niliyokuwa nimeikatia tamaa tangu Ramadhani.

Nikawasha rasmi. Feni ikazunguka, na nakwambia kweli, kimya. Muuzaji hakusema uongo. Nikainamisha sikio mpaka likagusa kasha, nikasikia moyo wangu tu.

Halafu kioo cheusi kikaandika kwa Kiingereza: feni ya prosesa ina hitilafu, bonyeza F1 kuendelea.

Tuko watu wazima wawili, tunaitazama feni inazunguka mbele ya macho yetu, na kompyuta inasema haipo. Isitoshe, F1 sina. Mpwa wangu aliing'oa alipokuja likizo, pakabaki kakipira kadogo ambako hakabonyezeki kwa kidole, mpaka kofia ya kalamu. Kila nikiwasha, naanza kutafuta kofia ya kalamu.

Nikakagua plagi. Nyaya nne: mmoja wa ardhi, mmoja wa volti 12, wa tatu unapeleka kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, taarifa ya mizunguko, wa nne unaleta amri ya kasi. Ipo kwenye tundu lililoandikwa CPU_FAN, la feni ya prosesa, siyo CHA_FAN la feni za kasha. Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka tena. Vilevile.

Fundi wa mtaani akaja na mkoba wake na jibu lake tayari. "Achana na mazabodi, inakusumbua bure. Feni tunaivutia umeme moja kwa moja kutoka pawasaplai." Akatoa kiunganishi, akaunga. Feni, kwa kukosa wa kuiamuru, ikapiga mbio zake zote, na makaratasi yakaruka kutoka mezani. Na kwa kuwa ule waya wa taarifa sasa haukuwa na pa kwenda, maandishi yakabaki palepale: hitilafu, F1. Yaani nimerudishiwa kelele na tatizo halijaondoka. Fundi akatazama, akakuna kidevu. "Lakini inazunguka, siyo?" Inazunguka. Akachukua 5,000 yake.

Mama akapiga simu kunisalimia, nikamshikia shikamoo na malalamiko kwa pamoja. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwani hiyo efu wani ukiibonyeza, inakataa?"

"Haikatai, mama."

"Sasa mwanangu, unaumwa nini?"

Usiku huo, feni nikiwa nimeirudisha kwenye tundu lake, nikaiwasha huku nikigonga kitufe cha Delete kuingia kwenye mipangilio ya mazabodi. Nikashuka mstari kwa mstari mpaka sehemu ya feni. Kasi: mizunguko 480 kwa dakika. Chini yake, kiwango cha chini kinachokubalika: 600.

Nikacheka peke yangu, binamu akaamka.

Mazabodi haikuwa na ubaya. Imepangwa kiwandani kwamba feni ya prosesa ikishuka chini ya 600, ihesabiwe imekufa, maana feni ikisimama kweli prosesa inapikika. Feni yangu nayo imeundwa kwa ajili ya ukimya: prosesa ikiwa ya baridi, yenyewe inajivuta taratibu kwa 480, haina haraka na mtu. Nimelipa 30,000 kununua upole, na upole ndiyo kesi. Kile kiwango kilikuwa na machaguo kuanzia 200. Nikaweka 200, nikahifadhi kwa F10 (hiyo mpwa hakuifikia), nikawasha upya. Ikaingia moja kwa moja bila kuuliza kitu. Nikacheza mpaka macho yakawa mekundu, na joto halikuvuka nyuzi 70.

Ila kuna jambo ambalo hakuna fundi wala muuzaji aliyenitahadharisha. Mimi nikicheza navaa hedifoni, na mtu aliyevaa hedifoni hajisikii anavyopiga kelele. Miaka yote ile feni ya zamani ilikuwa inanisitiri.

Asubuhi nikakutana na jirani bombani. Kwa kawaida saa hizo yuko barabarani. Macho yamemvimba, mkononi ana ndoo.

"Kaka, salama?"

"Salama, kaka. Leo hujaenda?"

"Nitaendaje. Usiku wa manane nasikia kwako, 'Toka! Toka nje! Tunakwisha!' Nikamwamsha mke wangu, nikabeba watoto, tukatoka uani na godoro. Tumekaa pale tunasubiri moto, hata moshi hatuuoni."

Nikamweleza kwamba nilikuwa namwambia kipa.

Akanyamaza akijaza ndoo yake. Ilipojaa akafunga bomba, akasema, "Basi siku nyingine, kaka, mtaje jina. Tujue siyo sisi."