Samaki Aliyetazama Nyuma

Mama mkwe alipiga simu saa nne asubuhi kusema basi limeshaipita Manyoni. Mimi nilikuwa nimechuchumaa uani kwetu Ilazo, Dodoma, cheni ya pikipiki ikiwa ndani ya beseni la mafuta ya taa. Na si beseni lolote. Ni lile jeupe lenye maua, ambalo mke wangu hulitoa kabatini wageni wakija tu.

Pikipiki ilikuwa na wiki tatu mikononi mwangu. Cheni yake, namba 428, ilikuwa imekauka na kupiga kelele kama mlango wa banda. Vumbi la Dodoma la mwezi wa nane likishikana na grisi kuukuu linakuwa msasa. Linasaga cheni na meno ya sproketi, yale magurudumu ya chuma yanayoshika cheni mbele na nyuma, kila unapokwenda. Kwa hiyo kuisafisha lilikuwa wazo la maana. Kuivua ndiko kulikokuwa wazimu. Cheni husafishwa palepale ilipo: pikipiki juu ya stendi kubwa, giya nyutro, injini imezimwa (imezimwa kabisa, vidole haviuzwi dukani), unazungusha tairi la nyuma kwa mkono huku unasugua kwa mswaki mkuukuu uliochovywa kwenye mafuta ya taa. Robo saa, umemaliza. Mimi nikataka cheni yangu ioge.

Kuifungua ni rahisi. Kuna kiungo kimoja chenye pini mbili, bamba la pembeni na klipu nyembamba iliyoyabana yote. Mafundi wanakiita loki. Unaisukuma klipu kwa plaizi, inachomoka, bamba linatoka, pini zinatoka, unavuta. Nikavuta. Swaaa, cheni yote mkononi! Nikajiona fundi.

Nilipotaka kuirudisha ndipo nikagundua kwamba sproketi ya mbele imejificha nyuma ya mfuniko wa injini. Anayejua kazi hufunga waya kwenye ncha ya cheni kabla hajaivuta. Cheni ikitoka, waya unabaki umeizunguka sproketi, na baadaye unauvuta tu, cheni inarudi kwa njia ileile. Vinginevyo unafungua mfuniko. Mimi sikuwa na waya wala sikufungua mfuniko. Nilikuwa na tochi ya simu na kijiti cha mshikaki. Saa moja na nusu nilipapasa mle ndani kama mtu anayetafuta kambale kwenye tope, mpaka cheni ikanionea huruma ikapita yenyewe.

Muda ukawa umekwisha. Klipu nikaibandika kwa bisibisi bila kuitazama mara mbili. Nikahamia kukaza. Unalegeza nati ya eksili ya nyuma, ule mhimili unaoshika tairi, unakaza vile vibolti viwili vya kurudisha tairi nyuma, kushoto na kulia kwa kiasi kilekile ukifuata alama, halafu unaifunga eksili. Kitabu cha pikipiki yangu kinasema cheni ichezeke milimita 20 hadi 30, ukiipima katikati ya upande wa chini. Mimi nilisema mali yangu haitachezeka. Nikakaza mpaka nikiigusa inalia kama zeze. Nikamalizia na oili namba 90. Matone machache upande wa ndani, kisha unafuta inayozidi, ndivyo inavyotakiwa. Nilimimina nusu kikombe, nikaondoka.

Stendi ya Nanenane nilimkuta mama ameshashuka, gauni jeupe la kitambaa kizuri, dumu la mafuta ya alizeti la lita 5, na boksi lenye majogoo wawili wa Singida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba Neema. Hiki ndicho chombo?"

Nikamvisha kofia ngumu juu ya mtandio. Kukaa ndiko kulikotusumbua, maana mkwe na mkwe hawabanani. Mama akalitatua mwenyewe: dumu nikalining'iniza kwenye usukani, boksi la majogoo akaliweka katikati yetu. Jogoo mmoja akatoa kichwa kwenye tundu akaanza kunidonoa mgongo.

Tulipokaa wote wawili pikipiki ikalalama. Uzito ukishuka nyuma, shokomzoba zinabonyea, na mkono unaoshika tairi unapanda. Katika pikipiki nyingi hapo eksili inazidi kuwa mbali na sproketi ya mbele, cheni inazidi kukazwa. Ndiyo maana ya zile milimita 20. Zangu zilikuwa sifuri, na mama mkwe si mtu mwembamba. Tukawa tunakwenda na mlio wa "ng'iiii" ambao niliufunika kwa kuuliza hali ya alizeti mwaka huu.

Tukaiacha lami. Mwendo kama kilomita 30 kwa saa, mashimo, kokoto. Mara tak! Injini ikapiga kelele kwa nguvu, pikipiki ikapoa mwendo. Nikaongeza mafuta. Kelele zaidi, mwendo hakuna. Nikaanza kumweleza mama habari za klachi.

"Baba Neema," akasema kwa upole, "kuna kitu chako kimebaki kule."

Nikageuka. Cheni imelala katikati ya njia, imejikunja, imepakwa vumbi, na kijana mmoja mwenye fimbo anainyatia.

Bahati yangu, cheni ilitokea kwa nyuma. Cheni ikijisokota kwenye sproketi, tairi hufunga hapohapo, na leo ningekuwa naandika mengine. Nikasukuma pikipiki hadi kwa fundi wa karibu, mama mbele na boksi lake. Fundi, kijana wa miaka ishirini hivi, akaipokea cheni kwa vidole viwili.

"Kaka, nani alikufungia hii?"

"Fundi mmoja wa mjini."

Mama mkwe akageuka taratibu, akaonyesha mgongo wa gauni. Kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo, oili namba 90 iliyorushwa na cheni ilikuwa imechora mstari mweusi. Kisha akaonyesha kofia yake: vidole vyangu vitano, vyote vinasomeka.

"Fundi wa mjini ndiye huyu," akasema.

Kijana hakucheka, jambo lililoniuma zaidi. Akatoa loki mpya ya shilingi 1,000. "Klipu ni samaki," akasema. "Huku kwenye duara kumeziba, ndiko kichwa. Huku kulikopasuka ndiko mkia. Kichwa kinatazama cheni inakokwenda. Wewe ulimfunga anaogelea kinyumenyume. Kila kokoto na kila jani lilikuwa linampanua mkia." Akarudisha tairi mbele kidogo, akatuomba tukae juu ya pikipiki, akapima tena, akazungusha tairi na kupima sehemu nne, kwa sababu cheni haikazani sawa kila mahali.

Mama alikataa kupanda. Alichukua bajaji na majogoo wake, mimi nikafuata nyuma na dumu. Nilipofika alikuwa amekaa uani anatazama beseni la maua, na mke wangu amesimama pembeni yake. Hakuna aliyesema neno.

Alikaa siku tisa. Kila asubuhi nikiitoa pikipiki kwenda kazini, alikuwa anaita kutoka dirishani:

"Baba Neema! Samaki anatazama wapi leo?"