Sivuti Sigara, Ni Uyoga

Mimi sigara sijawahi kugusa maisha yangu yote, hilo niliweke wazi mapema, maana kuna bibi mmoja wa Kijerumani mpaka leo anaamini vingine.

Chanzo ni safari ya Bolzano, kule Italia kaskazini, nilienda kumuona Ötzi, yule mzee wa kwenye barafu, maiti ya miaka kama 5,300 hivi iliyokutwa mlimani mwaka 1991. Watu wote wanakodolea shoka lake la shaba, mi nikaganda kwenye kipochi chake cha ngozi. Ndani kaweka nini? Uyoga! Siyo wa mchuzi, ule mgumu unaoota ubavuni mwa mti kama kwato la punda, Wajerumani wanauita Zunderschwamm. Na umekutwa na chembe za pairiti, lile jiwe linalong'aa kama dhahabu feki, yani mzee alikuwa anagonga cheche zinadondokea kwenye uyoga, kazi imeisha. Alikuwa na uyoga wa aina nyingine pia, vipande viwili vimetungwa kwenye kamba ya ngozi kama hirizi, huo wengi wanahisi ni dawa, maana tumboni alikuwa na minyoo maskini.

Nikajisemea, huyu hakuona hata mlango wa shule kaweza, mi na digrii yangu nishindwe?

Niliporudi Munich nikaupata mmoja kwenye gogo msituni. Unachonga ganda la juu, chini yake kuna nyama ya kahawia, laini kama ngozi ya kiatu cha swedi, hiyo unaichemsha na maji ya jivu halafu unaitwanga mpaka ilainike. Nikatumia sufuria ya wali ya mke wangu (alikuwa kazini) na mchi wa kitunguu saumu. Nyumba ikanuka banda la mbuzi lililonyeshewa. Katikati ya kutwanga mama akapiga video kutoka Tanga.

"Unatwanga nini?"

"Uyoga mama, wa kuwashia moto."

Kimya. Nikadhani bando limekata.

"Mwanangu, huko Ulaya kiberiti hakuna?"

Jumamosi nikapanda treni hadi mtoni, nina jiwe la gumegume na tupa ya zamani, jua linawaka, nikagonga, cheche moja, nikagonga, kidole, nikagonga, kidole tena, katoto kamoja kakaja kusimama kuniangalia mpaka kakaboreka kakaondoka. Saa nzima na nusu hakuna moto. Nikasusa, uyoga nikautia mfukoni mwa jaketi, tena jaketi lenyewe la kuazima kwa shemeji.

Kwenye treni nikawa nasikia harufu kama mtu anachoma majani. Nikalaani kimoyomoyo, watu wengine hawana adabu, kuvuta ndani ya treni! Bibi aliyekaa mbele yangu akanikazia macho, akasema "Sie rauchen." Sasa Kijerumani kina mambo yake, neno hilohilo ni kuvuta sigara na ni kutoa moshi. Nikamjibu kwa heshima zote, hapana bibi, mimi sivuti. Akarudia. Nikamwambia hata nyumbani kwetu hakuna anayevuta. Akaninyooshea kidole mbavuni.

Mbavuni panafuka.

Kumbe ulishadaka zamani! Uyoga ule hautoi ndimi za moto, cheche ikidaka kinabaki kidoti chekundu kinatembea polepole ndani kwa ndani kama makumbi ya nazi, kinakaa masaa, na juani hukioni. Nikapiga makofi mfukoni nikidhani nauzima, ndo nikaupepea. Bibi akammiminia shemeji, yani jaketi lake, chupa nzima ya maji. Kituo kilichofuata nikashuka mbio, kumbe sicho changu.

Nyumbani mke wangu akaingiza mkono mfukoni, vidole vitatu vikatokezea upande wa pili. Nikaanza kumueleza habari za Ötzi, kwamba makaa alikuwa anayafunga na majani mabichi, anayabeba kwenye kikopo cha magome ya mti.

"Majani mabichi," akasema. "Na kikopo."

"Ndiyo."

"Na wewe ukatia kwenye naironi ya watu."

Shemeji nimeshamlipa awamu mbili, bado moja. Sufuria ya wali bado inanuka.