Miaka 19 ya Kusubiri, Dakika Mbili za Kusikiliza

Alhamisi ile saa kumi jioni nilikuwa ghalani New Jersey, boksi mkononi, simu ikatetema mfukoni. Ujumbe wa sauti kutoka Temeke. "Kaka, imetoka! Nas na Premier! Nimechoma bando la wiki nzima, wewe uko wapi?" Kwao ilikuwa imeshagonga saa sita usiku, Ijumaa ya tarehe 12 Desemba 2025, na mitandao ya muziki hufungua albamu kwa saa ya kila nchi. Basi fundi simu wa Temeke akaisikia Light-Years, albamu ya pamoja ya rapa Nas na prodyuza DJ Premier, saa nane nzima kabla yangu, mimi ambaye treni ya kurudi nyumbani inapita chini ya mtaa aliokulia Nas mwenyewe.

Nilicheka peke yangu hadi msimamizi akanitazama.

Kwa ambao hawakuugua ugonjwa huu, nieleze kidogo. Mwaka 1994 Nas, kijana wa miaka ishirini kutoka mtaa wa Queensbridge, New York, alitoa albamu ya Illmatic, na DJ Premier akampa biti tatu humo ndani. Tatu tu, lakini tangu siku hiyo kila anayependa hip hop alikuwa akijiuliza ingekuwaje kama hawa wawili wangefungiana studio wakatoa albamu nzima. Wakaendelea kutuonjesha: ngoma moja hapa, mbili pale. Mwaka 2006 wakatokea pamoja kwenye jalada la jarida moja la Marekani, habari ikawa kwamba kolabo inakuja. Tukasubiri. Mwaka 2010 akafa Guru, mwenzake Premier wa Gang Starr, tukasema labda sasa. Wapi. Kuanzia 2020 hadi 2023 Nas akaachia albamu sita na prodyuza mwingine, Hit-Boy, na ya kwanza kati ya hizo ndiyo iliyompa Grammy yake ya kwanza maishani. Ilipofika 2024, Illmatic ikitimiza miaka 30, wakatoa wimbo mmoja na ahadi ikafufuka.

Hesabu mwenyewe: kutoka lile jalada mpaka Desemba ile ni miaka 19. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ameshamaliza kidato cha sita.

Ijumaa, wakati wa mapumziko ya chakula, nikakaa na mwenzangu wa zamu. Ni mtu wa Brooklyn, umri wake na wa Nas haupishani sana, na ndiye aliyenifundisha kuendesha mashine ya kuinulia mizigo bila kubomoa rafu. Alikuwa na mkate wa bata mzinga mapajani, kifaa cha kusikilizia sikio moja, sikio la pili kaliacha wazi asije akaitwa. Nikawa namtazama uso. Wimbo wa kwanza haukumaliza dakika mbili, akaruka. Wa pili akatikisa kichwa kidogo, nikapata matumaini, akaruka. Kufika wa tano akachomoa kifaa, akakifuta kwenye suruali.

"Sio ile," akasema.

"Ile ipi?"

"Wewe unajua."

Nilijua, ndiyo. Kisha akanimwagia malalamiko yote: ngoma za Premier zimepoa, Nas anachana kama mtu aliyeshiba, kitu hiki kingetoka 2006 kingeua watu. Aliongea kama mtu aliyerudisha viatu dukani na risiti yake mkononi. Na risiti anayo kweli. Amenunua kila alichotoa Nas, kwa kanda, kwa sidii, kwa fulana, kwa tiketi. Mpaka leo analipia mtandao wa muziki kila mwezi. Jumatatu nilipomgusia tena hiyo albamu alikuwa ameshahamia kwenye timu yake ya mpira wa Kimarekani, ambayo nayo inamtesa. Hasira yake iliishia kaunta.

Hapo ndipo nikaanza kuwaza nyumbani, kwa sababu sisi hatulalamiki hivyo. Sisi tunalalamika kama ndugu, na ugomvi wa ndugu hauna kaunta ya kuishia.

Albamu ya Hard Blasters, kundi la Profesa Jay, iitwayo Funga Kazi, ya mwaka 2000, mimi na wenzangu watatu tuliipata kwa kuchanga. Kanda moja, watu wanne. Kila mmoja alikuwa nayo wiki moja ya mwezi, na ukiirudisha mkanda umeliwa na redio unafungiwa zamu inayofuata. Tuliizungusha kwa kalamu ya Bic ili tusimalize betri. Mistari tuliandika kwenye kauntabuku, nyuma ya hesabu, tukisimamisha na kurudisha, tukibishana Profesa Jay amesema neno gani. Illmatic yenyewe niliisikia kipindi hichohicho, kanda aliyoshuka nayo binamu yangu baharia, na tukaikariri hivyohivyo bila kujua Kiingereza. Kuna mistari ya Nas niliyoimba miaka kumi kabla sijagundua kwamba nilichokuwa nikikitamka hakimo katika lugha yoyote.

Na sasa niseme jambo ambalo wenzangu wa Temeke hawatalipenda. Ile kanda tuliyochangia haikuwa halisi. Ilidurufiwa na jamaa mwenye kibanda na redio mbili zilizounganishwa kwa waya. Kati ya pesa yetu, hakuna hata senti iliyofika kwa aliyeandika mistari. Nyingine nyingi tulirekodi redioni, tukimlaani mtangazaji kwa kuongea juu ya wimbo. Tulimpenda msanii kupita kiasi na hatukumlipa chochote, kisha miaka ikapita tukamdai.

Angalia tunavyowadai. Mkongwe akitulia nyumbani, tunasema amefulia. Akionekana kwenye daladala, picha yake inazunguka na maneno ya kumsikitikia ambayo ndani yake mna kicheko. Akijaribu biti za siku hizi, amapiano au singeli, tunasema amejiuza. Akirudi na midundo ileile ya zamani, amechuja, hajui dunia imefika wapi. Wakitajwa wawili kwamba wanataka kufanya kazi pamoja, tunaanza kuuliza nani kamtafuta nani, nani ana shida. Watu wa TMK wanajua vizuri. Mpaka leo ukikaa na mtu wa rika langu kijiweni Temeke, dakika kumi hazipiti hajasema Juma Nature na wale wa kundi la Wanaume Family wangerudi pamoja kama zamani. Muulize mara ya mwisho kulipia wimbo wa yeyote kati yao ilikuwa lini, anaangalia pembeni.

Nina rafiki Mkenya hapa, mtoto wa Dandora, naye ana kidonda kama hicho kuhusu kundi la Kalamashaka. Tukikutana tunalia pamoja, kila mtu na wake.

Huku kuna tofauti moja ambayo wengi hawaisemi. Nas ameshavuka miaka 50 na ameshawekeza kwenye kampuni za teknolojia. Hahitaji albamu hii ili alipe kodi ya nyumba. Premier alikuwa anakaribia 60 albamu ilipotoka, na jina lake linamfungulia milango popote kwenye mashine mbili za santuri. Kwa hiyo wakikataa kutuiga sisi tunavyowakumbuka, hawafi njaa. Wakongwe wetu hawana nafasi hiyo. Marapa Sugu na Profesa Jay waliingia bungeni kwa kura, wa Mbeya na wa Mikumi, na walipokuwa mle bado watu waliwauliza wataachia ngoma lini, kana kwamba ubunge ni likizo. Wengi wengine hawakupata bunge wala kampuni. Wanatakiwa watupe mwaka 2001 ukiwa mzima, wakiwa na tumbo tupu, bure.

Kwa hiyo nikilinganisha, nasimama upande wa yule wa Brooklyn na mkate wake. Ni mkali na hana subira, dakika mbili kwa miaka 19 ni ukatili, lakini madai yake yana mpaka. Alilipa, hakuridhika, akasema, akaondoka. Mapenzi yetu ya nyumbani ni matamu zaidi, sikatai. Hakuna mahali pengine nilipoona ukumbi mzima ukimalizia ubeti msanii amenyamaza anafuta jasho. Ila ukumbi huohuo ukitoka nje haununui hata wimbo mmoja.

Kuhusu albamu yenyewe, nimeirudia mara sita. Mara tatu za kwanza nilikuwa simsikilizi Nas, nilikuwa natafuta ile kanda ya binamu yangu. Mara ya nne, kwenye treni, nimechoka, sitafuti kitu, ndipo iliponishika. Vile Premier anavyokwaruza santuri mahali pa kiitikio, mkono ni uleule. Sauti ya Nas imezeeka, na kwa nini isizeeke? Mwaka huohuo wa 2025 ndugu wawili wa kundi la Clipse walirudi baada ya miaka 16 na kufungua albamu kwa kuwaomboleza wazazi wao waliofariki, mama na baba, na hakuna niliyemsikia akisema sio ile. Waliimba mambo ya umri wao, tukawakubali. Nadhani kosa la Nas na Premier, kama ni kosa, ni kwamba mara nyingi wanageuka nyuma kuangalia kama bado tunawafuata.

Na mimi ni nani wa kuwacheka? Mwaka juzi nilirudi nyumbani baada ya miaka minane. Nilisubiriwa kama kolabo. Mabegi mawili yakafunguliwa sebuleni mbele ya watu kumi na wanne: fulana, mafuta ya kupaka, viatu vya mama, chokoleti zilizoyeyuka. Shangazi akalikung'uta begi la pili kuona kama kuna kilichobaki kwenye mfuko wa pembeni. Hakikuwepo. Hakusema neno, lakini uso ule niliutambua tena kwa mwenzangu wa Brooklyn alipochomoa kifaa sikioni.

Ijumaa hiyo nilipotoka kazini nilifanya jambo la kitoto, nikashuka kituo cha Queensbridge kabla ya kwangu. Ni majengo ya matofali ya mwaka 1939, zaidi ya fleti elfu tatu, mtaa wa nyumba za umma mkubwa kuliko yote Marekani. Sijui nilitegemea nini. Labda madirisha yamefunguliwa, spika nje, watu wazima wakitikisa vichwa barazani. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mama mmoja alikuwa akivuta kigari cha nguo zilizotoka kufuliwa. Kijana akapita na kofia ya koti kichwani, muziki ukivuja masikioni mwake, nikasogea kidogo nisikie. Ulikuwa wimbo wa Kihispania. Gari lililosimama kwenye taa lilikuwa na redio, na redio ilikuwa inasoma habari za foleni.

Simu ikatetema. Temeke tena. Kwao alfajiri ilikuwa haijaingia, na sauti ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Kaka, uko hapo hapo Queensbridge kweli? Hebu niambie, mtaa umelipuka?"

Nikatazama yale madirisha, mengi yamefungwa, mengine yana taa za Krismasi. Nikabonyeza kitufe cha sauti.

"Mwanangu," nikamwambia, "usiseme. Hapapitiki."