Mwanafunzi wa Mtwara na bei ya kutetea haki

Katika chuo kimoja mjini Mtwara, mchana ambao pangaboi la ukumbini lilikuwa limezimika kwa sababu ya kukatika umeme, vijana wapatao 40 walikaa kumsikiliza mgeni aliyekuja kuwashawishi waanzishe klabu ya haki za binadamu. Nilikuwa miongoni mwa waalikwa. Mgeni alizungumza vizuri, akagusia Katiba, akagusia Umoja wa Mataifa, kisha akapitisha karatasi ya kuandika majina. Karatasi ilipofika safu ya tatu ikakwama mikononi mwa binti mmoja wa mwaka wa pili, mwenyeji wa Newala, anayesomea ualimu. Hakuandika, wala hakuipitisha. Aliinua mkono akauliza: "Samahani mwalimu, nikiandika jina langu hapa, halafu kesho ofisi ya mshauri wa wanafunzi ikaniita, ninyi mtakuwa wapi?" Ukumbi ukacheka. Mgeni naye akacheka, akasema haki haiombwi, na mazungumzo yakaendelea.

Mjadala wa kuwashirikisha wanafunzi katika harakati za haki za binadamu huku kwetu kusini umekaa muda mrefu kwenye swali la iwapo wanafaa kushiriki au hawafai. Nadhani binti yule aliuliza jambo la msingi zaidi, yaani nani atalipa gharama mambo yakiharibika, na je, gharama hiyo inatajwa kabla ya karatasi ya majina kupitishwa au baada yake.

Wanaotaka wanafunzi washiriki wana historia upande wao. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi, wengi wao wa kile ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba siku hiyohiyo Mwalimu, akiwa amekasirishwa na vijana waliolalamikia makato ya mshahara yaliyokuwa ndani ya masharti hayo huku wakimnyooshea kidole kwa mishahara minono ya viongozi, alitangaza kujipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Mwaka 1978 wanafunzi wa chuo hichohicho waliingia tena barabarani, safari hii wakipinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri, na mamia yao wakafukuzwa. Mtu anaweza kuona kwamba mwaka 1966 walikuwa wanajitetea wenyewe na mwaka 1978 walikuwa wanawatetea walipa kodi, lakini katika matukio yote mawili walisema hadharani jambo ambalo wakubwa wengi walilisemea chumbani.

Hoja ya pili ya upande huu ni ya karibu zaidi na naiona ina nguvu kuliko ya historia. Serikali yenyewe, kupitia Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU), imeunda klabu za wapinga rushwa katika shule na vyuo. Ikiwa mtoto wa sekondari anaonekana amekomaa vya kutosha kuimba ngonjera za kukemea rushwa mbele ya mkuu wa wilaya, ni vigumu kueleza kwa nini mtu mzima wa chuo, ambaye tayari ni mpiga kura, aambiwe kwamba kazi yake ni kusoma tu. Kinachobishaniwa, basi, ni harakati zipi zinaruhusiwa na nani anayezichagua.

Upande wa pili hauwasikii hao, na si kwa ujinga. Mzazi wa Tandahimba anayemsomesha mtoto chuoni hulipa kwa korosho, na korosho ina msimu mmoja. Ada hungoja mnada, mnada hungoja bei, na fedha ikichelewa kuingia kupitia chama cha ushirika, mzazi hukopa au, kwa shida zaidi, huuza mapema kwa kangomba, yaani kwa mnunuzi wa mtaani anayelipa bei ya kutupa kabla ya msimu kufunguka. Mwanafunzi akisimamishwa mwaka mmoja, kinachopotea ni msimu mzima wa shamba la familia, na pengine zamu ya mdogo wake kusoma. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo naye hana nafuu, kwa kuwa deni linabaki hata kama shahada haikupatikana. Aliyefukuzwa mwaka 1966 alirudi kijijini bila deni, kwa sababu masomo yake yalikuwa yamelipiwa na taifa. Wanaharakati wanaopenda kuwatolea vijana wa leo mfano wa wale wa zamani hawana budi kuitaja tofauti hiyo.

Kisha kuna kumbukumbu ya gesi. Kila mtu wa Mtwara aliyekuwepo anaikumbuka tarehe 22 Mei 2013, siku ambayo bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilisomwa Dodoma na mji ukawaka kwa sababu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Ofisi na nyumba zilichomwa, watu walipoteza maisha, jeshi likaingia. Waliokuwa watoto wa darasa la kwanza wakati ule ndio walio chuoni sasa, na wengi wanaijua siku hiyo kupitia mama aliyewafungia ndani. Mzee mmoja wa Mikindani aliniambia barazani, bila kunyanyua sauti: "Mwanangu, sisi tulidai. Bomba likapita." Sidhani kauli hiyo ni ya woga, kwa sababu anayeitoa aliona jinsi madai yenye msingi, kwamba mwenyeji anufaike na kilichochimbwa kwake, yalivyomezwa na moshi hadi yakaonekana ni vurugu tu.

Upande huohuo una shaka nyingine ambayo watetezi wa haki huikwepa. Baadhi ya harakati zinazofika chuoni ni semina: fulana, chai na maandazi, nauli, picha ya pamoja mbele ya bango, na ripoti inayokwenda kwa mfadhili ikisema vijana kadhaa "wamejengewa uwezo". Nyingine huja zikiwa zimeficha kadi ya chama mfukoni. Mwanafunzi aliyetumika hivyo mara moja haji mara ya pili, na siwezi kumlaumu.

Hata hivyo ushauri wa wazee, kwamba maliza kwanza shule ndipo useme, unashindwa pale ambapo madhara yenyewe yanampata mtu kabla hajamaliza. Rushwa ya ngono ndiyo mfano wa wazi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inamfanya mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe huduma au upendeleo kuwa mkosaji. Mwanafunzi anayesubiriwa na mhadhiri ofisini jioni, huku matokeo ya somo yakiwa yameshikwa, hawezi kuambiwa angoje mahafali. Anachohitaji ni kujua kwamba kifungu hicho kipo, ajue apeleke taarifa wapi, na awe na wenzake watakaoongozana naye hadi mlangoni. Klabu ambayo ingefanya hilo peke yake kwa mwaka mzima, bila bango wala maandamano, kwa maoni yangu ingekuwa imetetea haki za binadamu kuliko kongamano lolote.

Kuna pia njia ya mahakama, ambayo huonekana ndefu lakini imewahi kufika. Rebeca Gyumi, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifungua shauri kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vinavyoruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, au 14 kwa idhini ya mahakama. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016 na kutoa mwaka mmoja wa marekebisho. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu ya kwanza. Mwaka mmoja ule ukapita, na mingine baada yake, bila vifungu hivyo kuguswa. Zaidi ya hapo, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi, jambo lililofinya mlango ambao Ibara ya 26(2) ya Katiba ilikuwa imempa kila raia. Asiyeeleza ugumu huo wa njia anapowaambia wanafunzi kwamba mahakama zipo anawapa ramani iliyokosa daraja.

Silaha ninayoiona inamfaa zaidi mwanafunzi wa kusini ni ndogo na haina mvuto. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na inaipa ofisi hiyo siku 30 za kujibu. Kampuni zinazofanya kazi ndani ya halmashauri, za gesi zikiwemo, hutozwa ushuru wa huduma, yaani sehemu ndogo ya mauzo yao. Ni kiasi gani kimeingia mwaka huu, na zahanati ipi imejengwa kwacho? Hilo ni swali la mwaka 2013, ila limeandikwa kwenye karatasi. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kulifuatilia, wa ualimu anaweza kulieleza kijijini kwao kwa Kimakonde, na hakuna kanuni ya chuo inayomzuia mtu kuandika barua yenye anwani.

Nakiri kwamba barua ina udhaifu wake. Ofisi inaweza kunyamaza, na mambo mengine hayangoji siku 30. Ukimya nao haumlindi mtu: Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, aliuawa kwa risasi tarehe 16 Februari 2018 akiwa ndani ya daladala jijini Dar es Salaam, wakati polisi walipokuwa wakitawanya waandamanaji wa chama cha upinzani. Hakuwa akiandamana. Wenzake waliposema baada ya hapo, walisema kwa sababu kukaa kando hakukuwa kumemsaidia mwenzao, na sioni ni barua gani ingewatosha siku ile.

Kwa hiyo simwambii mwanafunzi asiende barabarani kamwe, wala simwambii aende. Ninachokidai ni kwa wale wanaomwita. Aje mwanaharakati na jina la wakili atakayepokea simu, aje na nakala ya kanuni za nidhamu za chuo husika, aseme wazi ni kosa gani humfukuzisha mtu na lipi haliwezi. Aeleze kwamba Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina ofisi Lindi, mwendo wa basi moja tu, na kwamba kulalamika pale hakuhitaji wakili. Chuo nacho kinaweza kuisajili klabu kwa maandishi, ikiwa na mlezi anayejulikana, kwa sababu klabu isiyo na mlezi huangukia mikononi mwa yeyote mwenye fedha za fulana. Mgeni wetu wa siku ile hakuwa na lolote kati ya haya. Alikuwa na kalamu na karatasi.

Binti wa Newala hakuandika jina. Nilikutana naye tena wiki kadhaa baadaye karibu na stendi, akanionyesha kwenye simu picha ya barua aliyoipeleka halmashauri yeye na wenzake wawili, kuuliza juu ya ushuru wa huduma. Pembeni ulionekana muhuri wa bluu wa kupokelewa, umepigwa upande, tarehe yake ikisomeka kwa shida. Ilikuwa siku ya 19.